Bushi mpya zilizochanika mapema: kisa cha Corolla 110 ya Buruburu

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110, la kizazi ambacho Toyota ilianza kukiuza Japani mwaka 1995 na ambacho bado kinaonekana kila siku kwenye barabara za Eastlands, Nairobi. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Buruburu, mtu wa kutunza vitu. Aliniita kwa sababu mbili. Kila akikanyaga breki, na tena kila akiondoka, kitu kizito kiligonga mara moja chini ya miguu yake. Pia tairi la mbele kushoto lilikuwa linaliwa upande wa ndani, huku upande wa nje ukibaki na meno yake yote.

Lililomuuma zaidi alilisema mwishoni. Chini ya mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na kijana wake walikuwa wamebadilisha wenyewe, pale pale nyumbani, bushi za mikono ya chini, yaani vipande vya mpira na chuma vinavyounganisha na fremu ile mikono inayoshika magurudumu ya mbele. Walinunua zote nne, wakazipeleka zipigwe presi, wakazifunga vizuri. Sasa zilikuwa zimechanika. Majirani, makanika wa karibu na hata muuzaji mmoja wa spea walimpa jibu lile lile: umeuziwa feki.

Sikulikubali jibu hilo kabla ya kuingia chini ya gari, na baada ya kuingia nililikataa kabisa. Spea bandia zipo sokoni Nairobi, na zina madhara. Lakini neno "feki" limekuwa njia rahisi ya kufunga mjadala, na likifunga mjadala mapema, mtu hununua bushi nyingine ghali zaidi, azifunge vile vile alivyofunga zile za kwanza, na zichanike vile vile.

Kwanza tulitafuta mlio wa kugonga unatoka wapi. Makanika mmoja alikuwa ameshamwambia Mwalimu abadilishe shokomzoba zote mbili za mbele. Ni ushauri unaotolewa mno, na ni wa gharama, kwa sababu jozi ya shokomzoba inaweza kununua bushi, linki za stebilaiza (vijiti vya fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) na bolijointi (kiungo cha mviringo kati ya mkono wa chini na gurudumu) kwa pamoja na chenji ikabaki. Nilizikagua: hazikuwa zimevuja mafuta, shafti hazikuwa na mikwaruzo, na gari likibonyezwa kwenye kona lilipanda mara moja na kutulia. Jaribio hilo la kubonyeza halitoshi peke yake kuthibitisha kwamba shokomzoba ni nzima. Ila mlio wa kugonga unaosikika wakati wa breki na wa kuondoka, hata kwenye lami laini, mara nyingi unatokana na kitu kinachoachia gurudumu lisogee mbele na nyuma, na kazi ya kulizuia hilo ni ya mkono wa chini na bushi zake. Shokomzoba iliyochoka ingelalamika zaidi kwenye matuta na mashimo.

Mfumo wa miguu ya mbele ya gari hili ni ule wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kuingia kwenye magari ya Ford mwanzoni mwa miaka ya 1950. Springi na shokomzoba zimeshikana kuwa nguzo moja, na uzito wa gari unapita humo. Mkono wa chini haubebi uzito. Kazi yake ni kushika sehemu ya chini ya gurudumu mahali pake. Hili lina faida kwa anayekagua nyumbani, kwa sababu gurudumu likining'inia hewani, bolijointi ya chini haina mzigo, na kama imelika itaonyesha.

Hapo kwenye kuinua gari ndipo tulipobishana kidogo. Mwalimu alikuwa na stendi moja ya chuma, na upande wa pili alizoea kuweka mawe ya Ndarugu, yale ya kujengea nyumba. Nilikataa kuingia chini. Jiwe lile limechongwa kubeba ukuta uliotandazwa juu yake kote. Likipewa uzito wa gari kwenye sehemu ndogo kama kiganja, linaweza kupasuka bila kuonya. Tuliazima stendi ya pili kwa jirani, tukaziweka zote juu ya saruji, tukaweka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, na jeki ikabaki mahali pake kama tahadhari.

Gurudumu la kushoto nililishika juu na chini nikalitikisa. Lilicheza. Kijana wake alipokanyaga breki liliendelea kucheza, kwa hiyo haikuwa beringi. Mtaimbo kati ya mkono na nako, ile chuma nzito inayobeba gurudumu, ulionyesha bolijointi ikiinuka na kushuka. Mpira wake ulikuwa umepasuka na grisi ndani imegeuka uji mwekundu wa kutu. Hapo nilisimama, nikamwambia waziwazi: "Mwalimu, bushi zinakusumbua, lakini hii ndiyo ingekuumiza." Bolijointi ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari, na hata kama ni kwenye tuta la mtaani, usukani hauna la kufanya. Sikutaka gari hilo liende hata Mumias South Road kabla ya kubadilishwa.

Gurudumu la upande wa kulia nalo, nilipolishika mbele na nyuma nikalitikisa, lilicheza kidogo pia, na kidole kilichowekwa kwenye tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu usukani ukizungushwa, kiliusikia mruko. Linki za stebilaiza zilikuwa zimelegea pande zote mbili. Hizo ndizo zilizokuwa zikigongagonga kwenye barabara ya changarawe, sauti ndogo ya haraka ambayo Mwalimu alikuwa ameshaizoea hata hakuitaja.

Baada ya hapo tukazigeukia bushi. Bushi ya mkono wa chini ni bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na mpira katikati. Bomba la nje limebanwa kwenye mkono. Bomba la ndani linapitiwa na bolti, na bolti ikikazwa, bomba hilo linabanwa dhidi ya fremu lisizunguke tena. Mpira umegandishwa kwenye bomba zote mbili. Kwa hiyo mkono unapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe unajipinda, kisha unarudi. Wengi hudhani bushi inafanya kazi kama bawaba ya mlango, ndiyo maana wanaipaka grisi. Grisi ya petroli huufanya mpira wa asili uvimbe na kulainika, na haina kazi yoyote ya kufanya mle ndani.

Basi mpira unaojipinda lazima uwe na mahali pake pa kupumzika, na mahali hapo panaamuliwa na jambo moja tu: mkono ulikuwa umekaa wapi wakati bolti inakazwa.

Nilimuuliza, "Mwalimu, mlipokaza bolti hizi, gari lilikuwa wapi?"

"Juu ya stendi. Magurudumu yakiwa nje. Tungekaza wapi tena?"

Ni jibu la haki, na watu wengi hufanya hivyo hivyo. Gurudumu likiwa nje, mkono unaning'inia chini kabisa. Ukiukaza hapo, umeuambia mpira kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Gari likishushwa, mkono unapanda mpaka mahali pake pa kawaida, na mpira unapindwa. Unabaki umepindwa gari likiwa limeegeshwa usiku kucha, likiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, kila saa.

Chukua mfano wa mkono wa sentimita 35 ambao mwisho wake, gurudumu likining'inia, uko sentimita 8 chini ya pale unapokaa gari likisimama. Tofauti hiyo ni pembe ya takriban digrii 13. Sasa gurudumu likipanda tuta na mkono ukainuka sentimita 5 nyingine, hizo ni digrii 8 hivi zaidi. Bushi iliyofungwa sawasawa ingejipinda digrii 8 kwenye tuta hilo kisha ikarudi kwenye sifuri. Iliyofungwa hewani inaanzia 13, inafika 21, na inarudi 13. Haipati sifuri hata mara moja, isipokuwa siku gari litakapoinuliwa tena kwenye jeki. Kwa matuta ya Buruburu na Umoja, mpira mzuri kabisa hauwezi kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu.

Hayo ni maelezo, nami nilitaka ushahidi. Bushi ya mbele ya upande wa kushoto ilikuwa imekatika kabisa, lakini ya kulia ilikuwa imechanika nusu tu, na nusu iliyobaki ilikuwa bado imeshika. Tulishusha gari, tukalipandisha magurudumu yote manne juu ya mbao pana nene ili tupate nafasi ya mkono, likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe. Nikachora mstari wa rangi kutoka kwenye bomba la ndani hadi kwenye fremu, kisha nikalegeza nati. Bolti ilipoachia, bomba liligeuka lenyewe, na mstari ukakatika vipande viwili visivyoonana. Kama bushi ingekuwa imefungwa ikiwa imepumzika, bomba lingebaki pale pale. Kijana wa Mwalimu, ambaye alikuwa amelaumiwa sana nyumbani kwa kununua spea mbovu, aliutazama mstari ule kwa muda mrefu.

Mpasuko nao ulionyesha hivyo hivyo. Katika bushi zote mbili za mbele mpira ulikuwa umechanika kuelekea upande mmoja, ule wa kupanda kwa mkono, na chuma cha bomba kilikuwa bado kimefunikwa na tabaka la mpira. Mpira mbovu au wa zamani huwa na nyufa ndogondogo kila mahali, mgumu, unaosagika kwenye ukucha. Gundi ikiwa mbaya, mpira hubanduka na kuacha chuma kikiwa safi. Bushi iliyolowa mafuta ya injini huvimba na kuwa laini kama ufizi. Hapa hapakuwa na lolote kati ya hayo. Mpira ulikuwa mweusi, laini kwa kiasi chake, na umeng'olewa ukiwa bado na nguvu. Bushi alizonunua kijana zilikuwa nzuri.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu mengi. Nati zilikuwa zimemwagiwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni iliyotangulia, na nati za magurudumu zililegezwa gari likiwa bado chini. Tuliinua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwa sababu ukiinua moja peke yake fimbo ya stebilaiza inajipinda na linki zinakuwa ngumu kutoa na hatari zikiruka. Bolijointi kwenye nako imekaa kama kizibo kwenye chupa, na watu wengi huipiga kichwani kwa nyundo mpaka uzi wa nati unaharibika. Acha nati ikiwa imeshika kwa mizunguko michache, kisha piga ubavu wa jicho la nako kwa nyundo mbili nzito, moja kila upande kwa wakati mmoja. Chuma hutikisika na kuachia, na nati inazuia mkono usikurukie. Upande wa kushoto uliachia mapema. Wa kulia ulitutoa jasho.

Mwalimu alitaka, kwa kuwa tumeshafungua, tufungue na nguzo za springi tuone mauntingi za juu, vishikizo vinavyofunga nguzo kwenye bodi. Zilikuwa nzima: nilikuwa nimeweka kiganja juu ya springi huku usukani ukizungushwa, na haikuruka wala kukwaruza. Tena hatukuwa na kifaa cha kubana springi. Nimeona springi ikibanwa kwa waya wa kufungia nondo ili nati ya juu itolewe, na sitaki kuiona tena. Nguvu iliyomo kwenye springi ile inatosha kuvunja taya. Asiye na kifaa cha kubana ang'oe nguzo nzima kama ilivyo, aipeleke kwa mwenye nacho.

Mikono yote miwili ilisafishwa kwa brashi ya waya ikakaguliwa kama ina nyufa au mkunjo. Ilikuwa imara, kwa hiyo hatukununua mikono mipya. Kabla ya kung'oa bushi za zamani tulipiga rangi kuonyesha zilivyoelekea, kwa sababu bushi kubwa ya nyuma huwa na mapengo ndani ya mpira, na mapengo hayo yana mwelekeo. Yakigeuzwa robo mzunguko, mkono unakuwa mgumu pale unapotakiwa kulegea na unalegea pale unapotakiwa kuwa mgumu. Mikono ilisafiri kwa matatu hadi Kirinyaga Road ndani ya gunia, bushi mpya zikasukumwa kwa presi, na maji ya sabuni yakatumika mahali ambapo fundi wa presi alikuwa ameshachota grisi. Alisikiliza bila ubishi, nikamshukuru. Bolijointi tulinunua mbili. Ya kulia ilikuwa haijaanza kucheza, lakini mpira wake ulikuwa umeshakauka, na imetembea barabara zile zile na ya kushoto.

Kwenye nati ya bolijointi, tundu la kotapini, pini inayozuia nati isifunguke, likikosa kulingana baada ya kukaza kwa kipimo, nati inasogezwa mbele kidogo, hairudishwi nyuma. Kotapini ya zamani haitumiwi tena.

Sasa tuliingia kwenye sehemu ambayo kazi ya kwanza ilikosea. Kabla hatujafungua chochote, gari likiwa limesimama kwenye saruji tupu, nilikuwa nimepima kwa futi ya kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matgadi juu yake, kila upande, na Mwalimu akaandika kwenye daftari. Mikono iliporudi, bolti za bushi tulizipitisha na kuzikaza kwa mkono tu, zisilegee wala zisibane. Bolijointi na linki tulizikaza kabisa, hizo hazijali. Kisha, gari likiwa bado kwenye stendi, jeki iliwekwa chini ya mwisho wa mkono, karibu na bolijointi, ikapandishwa polepole mpaka futi ya kamba, kutoka katikati ya habu (kitovu kinachofungwa gurudumu) hadi kwenye matgadi, isome namba iliyoandikwa daftarini. Gari lilianza kuinuka kidogo kwenye stendi, lakini stendi ilibaki chini yake. Hapo ndipo bolti za bushi zilikazwa kwa spana ya kipimo. Upande wa pili vile vile.

Mwenye shimo la gereji au ngazi za kupandishia gari hahitaji hesabu hii. Anashusha gari kwenye magurudumu yake, analibonyeza mbele mara kadhaa likae, anaingia chini na kukaza. Vitabu vya mafundi vya Toyota vinaagiza hivyo hivyo: gari litulizwe kwa kubonyezwa, kisha bolti zikazwe. Lakini kwenye ua wa nyumba, gari likiwa limekaa chini, spana ndefu haipati pa kugeukia, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kukaza hewani. Wengi wamewahi kusikia kanuni hii, ila hawana nafasi ya kuifuata. Futi ya kamba na jeki vinawapa nafasi hiyo.

Nati za magurudumu zilikazwa kwa nyutoni mita 103, kipimo cha Toyota kwa nati za gari hili, gari likiwa chini.

Tairodi ya kulia ilibadilishwa siku hiyo hiyo, ingawa Mwalimu alitaka isubiri mwisho wa mwezi. Nilisisitiza, kwa sababu baada ya bushi mpya ilikuwa lazima gari liende kupimwa mwelekeo wa magurudumu, na ukibadilisha tairodi baada ya vipimo, unalipia vipimo upya. Tulihesabu mizunguko ya uzi wakati wa kutoa ile ya zamani ili mpya ikae karibu na pale pale, basi gari likaweza kuendeshwa taratibu hadi duka la matairi. Mashine ilionyesha gurudumu la kushoto limeelekea nje kupita kiasi, jambo linaloendana na tairi lililoliwa ndani. Tairi lenyewe halikuwa la kuokoa. Yalinunuliwa mawili ya mbele.

Mlio wa kugonga wakati wa breki uliisha siku hiyo. Baada ya miezi kadhaa niliingia tena chini ya gari lile, likiwa juu ya zile zile mbao: bushi za mbele zilikuwa nzima, bila hata ufa wa nywele, na usukani ulikuwa umenyooka. Shokomzoba ni zile zile za zamani. Siku zitakapoanza kuvuja zitabadilishwa kwa kufungua bolti mbili za nako na nati za juu, na bolti za bushi hazitaguswa. Zikilazimika kulegezwa kwa sababu yoyote, namba mbili zilizo kwenye daftari la Mwalimu ndizo za kurudia, mradi springi bado ni zile zile. Zikibadilishwa springi, urefu upimwe upya gari likiwa limesimama.